Nitoe Kwenye Kanda Zako

Mgonjwa akikuita kwa jina lako na la baba yako, ujue hakuiti uje umnyweshe uji. Najma alikuwa dukani kwake, ghorofani Mtaa wa Mkunguni, anamkatia mteja picha za pasipoti, simu ya Tatu, binti wa rafiki yake Badria, ilipoingia.

"Shikamoo, mamdogo. Mama amesema aitwe Najma binti Abubakary, aje leo leo."

Miaka yote Badria alimwita shoga, au wewe mwanamke, na siku za hasira alimwita mchawi. Jina kamili halikuwahi kumtoka. Najma akamkabidhi mteja picha zake bila hata kuzipanga, akafunga mlango, akateremka ngazi huku mkono unatafuta ukuta.

Badria alikuwa amelazwa chumba cha mbele, kwao Ilala. Mwili ulikuwa umekwisha, yamebaki macho. Akampungia Tatu mkono atoke, mlango urudishwe. Kisha akachomoa simu chini ya mto na kumpa Najma.

"Hii nini?" Badria aliuliza.

Najma aliijua video ile kabla haijaanza kucheza, kwa kuwa alishaiona kwenye simu za wauza vitenge, za wapiga debe, za vijana wasiomjua wala kumwamkia. Ilikuwa shughuli ya zamani, ya wanawake peke yao. Ua limejaa, vichwa wazi, khanga zimefungwa viunoni, na bibi mmoja ambaye leo wanawe wanauza simu Msimbazi alikuwa akicheza kwa raha zote alizojaliwa. Chini yake watu walikuwa wameandika vicheko.

"Mimi simo humo," Badria alisema. "Nimetazama mpaka macho yameuma. Simo. Lakini kesho je?"

Kipande kilitoka kwa Najma mwenyewe. Nasreen, binti wa yule bibi, alikuja dukani na kanda ya harusi ya mama yake iliyoota ukungu, akaomba awekewe kwenye flashi. Ile haikufaa tena. Najma akamhurumia, akachukua kanda mama, ile ya kwanza iliyotoka kwenye kamera, akampelekea fundi mmoja wa kuhamisha. Hakukumbuka kwamba kanda mama ina kila mtu. Alipokumbuka, kipande kilikuwa kimeshazunguka Kariakoo nzima. Fundi aliapa kwamba amefuta, Nasreen akarudisha flashi huku analia, lakini maji yakimwagika nani atayazoa?

Hapa lazima nieleze, maana vijana wa leo wanadhani picha ni kitu cha kupiga tu na kurusha. Zamani hizo, shughuli za wanawake hazikuingiwa na mwanamume, hata awe mpiga picha wa ikulu. Kwa hiyo kamera ilipaswa kushikwa na mwanamke, na mwanamke mwenye kamera Kariakoo alikuwa Najma. Mlangoni alisimama mwenye shughuli na utepe mwekundu. Asiyetaka kuonekana kwenye kanda, ama mume kamkataza, ama nyumbani kaaga anakwenda msibani, alifungwa kipande mkononi, na jina lake akatajiwa Najma. Najma alipiga kila kitu, maana uani utamkwepa nani? Akirudi chumbani kwake ndipo alipoanza kuwatoa mmoja mmoja.

Na hakuwatoa kwa mkono. Kaka yake Abbasi alikuwa ameleta kutoka Maskati kompyuta ya nyumbani, zile za mwanzo mwanzo, kibodi na ubongo wake boksi moja, unaichomeka kwenye televisheni. Watoto wa wenzake walichezea michezo. Abbasi, aliyekuwa na kichwa kizuri na hana la kufanya, alikaa nayo likizo nzima akaiandikia programu ya Kiswahili. Unaipa jina la mtu, kanda ya ngapi, kuanzia namba gani ya deki ya kuchezea kanda hadi namba gani. Ukitoa nakala ya mteja, mashine yenyewe inaisimamisha deki ya pili kila inapofika kwa mtu wa utepe, halafu inaiachia. Ukitaka, unaandika jina, nayo inakuorodheshea kila mahali mtu huyo alipofichwa. Mashine ile ilijua siri za waume wa Kariakoo kuliko mashehe wote. Abbasi alirudi Maskati, akafia huko. Mashine ikabaki.

Badria alifungwa utepe kila shughuli. Mumewe, marehemu Idrisa, aliapa kwamba akimwona mkewe kwenye televisheni ya mtu, talaka zote tatu atazitoa pale pale. Na hakuna aliyecheza kama Badria. Alipoingia uani wapiga ngoma walijikohoza kwanza. Kwa hiyo Kariakoo ilikuwa na mamia ya kanda za harusi, Badria alizicheza nyingi, na hakuonekana hata kwenye moja. Alibaki kwenye kanda mama tu, kabatini kwa Najma.

"Nitoe kwenye kanda zako," Badria alisema sasa. "Zote. Nikishafukiwa, kila atakayenitazama nakata kiuno, mimi ndiye nitakayeulizwa kule chini."

Kama hilo limo kitabuni au halimo, wenye elimu watatuambia. Mtaani limo. Kila mtu anamjua mtu aliyeota mama yake analia, na kumbe nyumba ya pili walikuwa wanatazama kanda ya harusi.

"Kabati lina kufuli, shoga. Ufunguo ninao mimi."

"Na wewe ukifa?"

Najma akamrudishia simu chini ya mto.

"Huna mtoto, Najma. Sikusimangi, nasema lilivyo. Watoto wa kaka yako watakuja na gari la kirikuu, watauza kila kitu kwa kilo. Atakayenunua atafungua aone." Akakohoa, akasubiri pumzi irudi. "Mimi naogopa. Maumivu nimeyazoea, kufa nimekubali. Naogopa hilo tu."

Najma naye alikuwa anaogopa, na woga wake ulikuwa na sababu ya ziada. Aliyecheza ni Badria, lakini aliyepiga picha nani? Kama huko chini kuna kuulizwa, foleni ile yeye pia yumo. Akamshika mkono mwenzake, ukawa mwepesi mno.

"Nitakutoa."

"Uje uniambie umemaliza. Mpaka nikusikie kwa sikio langu."

*

Deki haikuzunguka. Najma aliichomeka, ikawaka taa, ikanguruma, ikatulia. Ilibidi iwe hiyo hiyo, kwa kuwa namba zote alizozihifadhi zilikuwa namba zake. Deki nyingine ingehesabu kivyake, ukafuta bibi harusi ukamwacha wa utepe. Akaibeba mikononi mpaka kwa Vitalis, fundi wa redio na televisheni, Mchaga aliyekuwa na kibanda chini ya ngazi jengo la pili.

"Mama, hii si ya kutengeneza, ni ya makumbusho," Vitalis alisema.

"Mangi, sina muda wa utani."

Vitalis akamtazama usoni, akaacha utani. Alifungua kifuniko. Mkanda wa mpira ulikuwa umeyeyuka, umekuwa lami. Aliukwangua, akapekua makopo yake, akapata mwingine unaokaribia. Alipouvalisha, deki ikazunguka kwa sauti ile ile ya zamani. Sehemu moja ya Najma ilikuwa imeomba isipone.

Kompyuta yenyewe haikumsumbua. Aliipangusa vumbi, akaichomeka kwenye televisheni ndogo, akaitia diski ya programu. Diski ilikwaruza ndani, ikakwaruza tena, kisha skrini ikageuka bluu na maneno ya Abbasi yakatokea kana kwamba yupo chumba cha pili: JINA?

Akaandika BADRIA.

Ikafikiri. Ikaleta mistari, mmoja baada ya mwingine, kanda na namba zake, ikasimama. Najma alitarajia mistari itajaza skrini na kupita. Haikufika hata nusu. Ya mwisho ilikuwa ya shughuli moja ya Gerezani, mwaka ambao Badria alikuwa na mimba ya Tatu. Basi alipozaa alitulia, Najma akajisemea. Akashukuru Mungu kazi ni fupi. Angekaa kidogo akajiuliza, lakini mwenye hofu hapendi maswali.

Kanda mama zote alizivunja kile kijino cha nyuma zamani, ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Sasa alikata selotepu, akaziba tundu moja moja. Televisheni ya deki aliifunika khanga. Hakutaka kuona. Aliiambia mashine namba, ikaipeleka deki mbele, ikaifikisha, ikabonyeza yenyewe, na pale palipokuwa na Badria pakaandikwa utupu. Kisha mstari wake ukafutika kwenye skrini. Nyuma ya khanga kulisikika ngoma, vigelegele, halafu ukimya, halafu ngoma tena. Kila ukimya ulipoingia Najma alikaza meno. Alijiona kama anayechimba kaburi.

Skrini ilipobaki tupu aliandika BADRIA mara nyingine. HAKUNA, mashine ikajibu.

Alirudi Ilala kabla jua halijazama, akamwinamia mgonjwa sikioni. "Nimemaliza, shoga. Humo tena. Hata mimi nikikutafuta sikupati."

Badria alifumba macho. Uso wote ukalegea, mikunjo ya maumivu ikatoka, na kwa mara ya kwanza tangu augue akaomba ageuzwe alale ubavu. Hakuamka. Alfajiri Tatu alipomgusa, alikuwa ameshapoa.

*

Msiba ulikuwa mkubwa. Turubai lilifungwa mtaa mzima, viti vya kukodi vikaja, sufuria zikapandishwa. Maziko yalipangwa baada ya alasiri. Ndani wanawake waliketi mikekani, na Najma aliketi karibu na mlango, amechoka kwa kulia lakini moyo umetulia. Alikuwa ametimiza. Wangapi husindikiza mwenzao wakiwa wametimiza?

Mwanamke mmoja mgeni alisimama kizingitini na kijukuu chake, anavua viatu. "Samahani, dada. Ndipo hapa kwa Mama Tatu?"

"Ndipo, karibu," Najma alisema. "Ndipo kwa Mama..."

 Mgeni alimtazama, akadhani ni uchungu, akampigapiga bega na kupita.

Mama Tatu. Najma alisikia jina hilo likizunguka chumba kizima: Mama Tatu alivyokuwa mkarimu, Mama Tatu na pilau yake, nani amewaarifu ndugu wa Mama Tatu wa Bagamoyo. Tangu asubuhi walikuwa wanalitaja, tangu miaka thelathini. Ni yeye tu aliyekuwa akimwita Badria, kwa kuwa walisoma chuo cha Kurani pamoja na kugombana pamoja. Mwanamke akishajifungua, nani tena mwenye adabu atamtaja kwa jina lake? Na majina ya mashine hakuyatunga Najma. Aliandika kama mwenye shughuli alivyomtajia mlangoni.

Badria hakutulia alipozaa. Alibadilika jina.

Woga ulimpanda kuanzia miguuni. Alikumbuka ule uso uliolegea, yale macho yaliyofumba kwa kumwamini. Alimwambia mtu anayekata roho kwamba amemaliza, mtu akaondoka na neno hilo, na neno lilikuwa la uongo. Ndani ya chumba cha pili maji ya kumwoshea yalikuwa yanatayarishwa. Baada ya alasiri wangemfukia juu ya uongo wa Najma.

Akainuka. Tatu alimdaka uani, macho mekundu.

"Mamdogo, wapi? Wanakusubiri wewe ukamwoshe. Alisema lazima uwepo."

"Nimesahau kitu, mwanangu."

"Kitu gani? Leo?"

"Waambie waanze. Nisamehe."

Nyuma yake alisikia mtu akisema kwa sauti ya kusikika: Ndiye shoga huyo, maiti haijatoka yeye katoka. Siku nyingine lingemchoma. Najma aliingia bajaji ya kwanza aliyoiona, akamwambia dereva Kariakoo, na alipoulizwa Kariakoo sehemu gani alishindwa kujibu mpaka wakafika Mnazi Mmoja, ikabidi wageuze.

*

Mkunguni hapakuwa na umeme. Alijua kabla hajapanda ngazi, kwa ile ngurumo ya majenereta kila mlango. Chumbani kwake taa haziwaki, mashine kimya. Najma alisimama katikati na ufunguo mkononi, akasikia mwenyewe anasema kwa sauti, "Usinifanyie hivi, Badria." Kisha nywele zikamsimama kwa kumtaja.

Alikimbilia kwa Vitalis. "Nipe waya kutoka kwenye jenereta yako."

"Mama, hiyo inabeba feni na..."

"Vitalis, baba. Nakuomba kwa jina la mama yako."

Hakuuliza tena. Alizima feni, akazima televisheni ya mteja, akarusha waya kupitia dirisha la ngazi. Taa ya deki ikawaka. Najma alitia diski, ikakwaruza. Skrini ilibaki nyeusi. Akaitoa, akaipulizia, akaipangusa kwa ncha ya mtandio, akairudisha. Ikakwaruza tena, ikanyamaza. Alipoitoa ikamponyoka. Kama programu imekufa, kabati lile lina kanda mia na zaidi, na Badria yuko humo ndani anacheza, na hakuna anayejua wapi. Akasoma Fatiha, akaitia mara ya tatu.

JINA?

Aliandika MAMA TATU. Mistari ikaanza kushuka. Ilishuka ikajaza skrini, ikasukuma ile ya juu, ikaendelea kushuka. Najma alitazama mdomo wazi. Kumbe huyu ndiye Badria mwenyewe, na yule wa jana alikuwa wa mwanzo tu.

Alifanya kazi bila kukaa. Selotepu, kanda ndani, namba, ngoma nyuma ya khanga, ukimya, kanda nje. Adhana ya adhuhuri ilipita, akaswali pale pale kwa haraka, akiomba msamaha kwa haraka hiyo. Jenereta ilipokohoa, mwanga ukafifia, na yeye akakohoa nayo. Simu iliita, jina la Tatu likawaka, akaiacha. Ikaita tena. Kila kanda iliyotoka ilikuwa ya moto mkononi, na kila mara alijiuliza kama wameshamvisha sanda, kama wameshafunga kichwani. Jua lilitoka dirisha moja likaingia la pili.

Ikabaki moja. Kanda ya shughuli ya Mtaa wa Swahili. Najma alinyoosha kidole kuipa mashine amri, akaona kwamba pembeni ya mstari ule kuna alama ndogo ya Abbasi, ile inayoonyesha mwingine amefichwa namba hizo hizo. Akaifungua.

MAMA TATU. NAJMA.

Alikaa chini. Alikuwa amesahau kabisa. Siku ile mwenye shughuli alimpokonya kamera. Wewe kila siku unatupiga sisi, alisema, leo na wewe ingia uwanjani. Badria akamvuta mkono, akachana utepe wake kwa meno, nusu akamfunga Najma. "Haya, sasa huonekani. Cheza!" Ndoa ya Najma mwenyewe ilifungwa kabla hajapata kamera, ikavunjika kabla hajapata mtoto. Hakuwahi kuwa mbele ya lenzi, isipokuwa siku hiyo.

Aliikodolea macho khanga juu ya televisheni. Hajafukiwa bado, akajiambia. Kabla ya udongo hakuna kuulizwa. Akajua anajidanganya, na bado akaondoa khanga, akaicheza kanda.

Picha ilikuwa imefifia, lakini walikuwamo. Badria mbele, khanga imefungwa kiunoni, anacheka kwa kichwa kimeenda nyuma. Na pembeni yake msichana mwembamba, mtandio mabegani, nywele wazi, hajui miguu yake aiweke wapi. Kisha akajua. Najma alimtazama msichana yule anacheza na asitambue mara moja kwamba ni yeye. Alikuwa mzuri. Hakuna aliyepata kumwambia. Badria alimshika mikono yote miwili, wakazunguka, tepe mbili nyekundu zikazunguka nao, na Najma mzee aliyekaa sakafuni alilia kwa sauti, akiwa amejiziba mdomo kwa khanga ile ile.

Simu ikaita. Safari hii akapokea.

"Mamdogo!" Nyuma ya sauti ya Tatu wanaume walikuwa wanasoma. "Wanamtoa sasa hivi. Uko wapi? Uje hata umuage!"

"Tatu, sikiliza. Umekaa karibu naye?"

"Nipo hapa hapa kwenye jeneza."

"Mwinamie. Mwambie sikioni..."

 Kwenye skrini walikuwa bado wanazunguka. Angeweza kusema tu, mtoto angemwambia mama yake, na kanda hii moja ingerudi kabatini. Nani angejua? Na ufunguo anao yeye. Lakini alishamwambia uongo mara moja bila kujua, na kwa kuujua hakuthubutu. Aliogopa mno. Na alimpenda mno. Akairudisha kanda ilipoanzia, akaipa mashine namba, akabonyeza, na Badria akatoweka na mtu aliyekuwa amemshika mikono. Ikabaki skrini tupu inayochemka, na hakuhamisha macho mpaka deki ikafika mwisho wa namba na kujizima.

"Mamdogo? Nimwambieje?"

"Mwambie Najma amemaliza."

Alimsikia Tatu akinong'ona. Akamsikia analia. Kisha zikaja takbira, na vishindo vya miguu ya wanaume wanaonyanyua, na simu ikakatika.

Najma alibaki pale sakafuni. Alisubiri utulivu ule wa jana urudi, haukurudi. Akavuta kibodi magotini, akaandika MAMA TATU. HAKUNA. Akaandika BADRIA. HAKUNA. Vizuri.  Chini, Kariakoo ilikuwa inapiga kelele zake za jioni, mtu ananadi mashuka, mtu anamtukana mwenye mkokoteni.

Akaandika NAJMA.

Mashine ilifikiri kwa muda mrefu kuliko majina yote, au alivyoona yeye. HAKUNA.

Hakuna atakayemwona, basi. Wapwa zake waje na kirikuu, wafungue kabati, watazame kanda zote tangu ya kwanza, hawatamkuta popote. Hilo ndilo kila mwanamke alilomlipa amfanyie. Alipaswa kushukuru, na badala yake alihisi baridi inapanda mgongoni, kali kuliko zote za siku hiyo.

Pengine alikosea herufi. Akafuta, akaandika upya polepole, kidole kimoja, akibonyeza kila herufi mpaka chini. Diski ikakwaruza, ikatafuta mwanzo hadi mwisho, ikarudi na neno lile lile.